Chupa ya Odessa

Jirani yangu hapa Memphis hafunui ovyo jiko lake la mkaa. Huinama tu, mikono mgongoni, akisikiliza mafuta ya mbavu za nguruwe yanavyodondokea makaa. Asali na siki huzipaka mwishoni kabisa, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta.

"Shemeji, utatuua kwa njaa!" alifoka Odessa Jumapili iliyopita. Huyu ni dada wa mkewe, na kila karamu huja na chupa ya sosi yake mkobani, makusudi amwaibishe mpishi.

"Mbavu hazijaniita bado," alijibu jirani.

Alipoziinua kwa koleo, loo! Zilining'inia kama kanga iliyoloa, ziking'aa. Odessa akatoa chupa, lakini akaonja kwanza. Mfupa ukatoka mweupe. Akairudisha chupa mkobani bila kuifungua, akasogeza sahani aongezewe.