Sweta Nne za Kastoma

Sweta ya kwanza ya Kastoma niliifuma nikimaliza darasa la sita, na ilikuwa na mbavu.

Hakuna mtu aliyeziagiza hizo mbavu. Zilitoka kwa karate. Mwaka huo nilikuwa nimejiunga na karate kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kitengela, Jumanne na Alhamisi baada ya shule, mabenchi yakisukumwa ukutani. Sensei wetu siku za kazi alikuwa mtu wa mizani kwenye kichinjio. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja kana kwamba anajua tungefika kilo ngapi bila kichwa. Alihesabu ngumi kwa Kijapani, moja hadi kumi, na kwenye ya kumi unapiga kwa nguvu zako zote na kutoa sauti ya tumboni.

Hesabu hiyo niliileta nyumbani. Saa zilikuwa chache: kuna masomo, kuna mazoezi, kuna uzi wa Mama. Kwa hivyo nilikuwa nikifuma nikiwa kwenye mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, mgongo wima, nimekalia kiti ambacho hakipo, huku midomo ikisema ichi, ni, san. Kila kitanzi cha kumi mkono wenyewe ulivuta uzi kwa hasira. Ile sauti ya tumboni niliimeza tu, maana nyumba za kupanga zina kuta nyembamba na jirani alikuwa na mtoto mchanga. Sasa ukiishika sweta yangu mbele ya dirisha, unaona mistari iliyokazwa ikishuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, kila baada ya vitanzi kumi, kama mbavu za mbwa wa Kitengela wakati wa kiangazi.

Mama alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine kwenye chumba cha mbele. Ikifika Desemba nyumba yetu ilikuwa na mikono mingi kuliko watu. Kastoma yeye hakutaka ya mashine. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa upande wa Murang'a, mwenye duka la jumla karibu na barabara na mashamba ya nyanya mahali fulani mbali. Mama alimwita Kastoma, na yeye alimwita Mama Kastoma, na wote wawili waliridhika.

"Ya mkono," alisema siku ya kwanza. "Ya mashine inamwasha mtoto. Huyu wako si anajua?"

Ndivyo nilivyopewa kazi. Mama alipoziona mbavu alitaka kuifumua palepale, lakini Kastoma aliinyang'anya, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, halafu wa pili.

"Iache tu hivyo," akasema. "Inaonekana kama inapumua."

Kisha akaniita, akanivisha mwenyewe. Inua mkono. Geuka. Shusha. Akanipigapiga mabega kama anayetoa vumbi, na mkono wake ulikuwa baridi hata kupitia kwa uzi.

"Mko sawa na binti yangu," akasema.

"Kwani yeye yuko darasa la ngapi?" nikauliza.

"Lako."

"Shule gani?"

Mama akanikanyaga.

"Ako huko shambani," akasema Kastoma, akiikunja sweta polepole, kama mtu anayembeba mtoto ambaye hataki aamke.

Kila mwaka, shule zikikaribia kufungua, alirudi. Huyo msichana hakuna aliyewahi kumwona. Rafiki yangu wa karate, Mmaasai wa Isinya aliyekuwa akiishi na shangazi yake hapa Kitengela, nilimwambia kwamba Kastoma amemfungia binti yake kwenye kreti ya nyanya na anampa hewa kwa mrija. Tulicheka sana. Lakini Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya ukumbi, kuna siku niligeuka katikati ya zoezi nikaona uso wa Kastoma nje ya kioo. Watoto tulikuwa ishirini na kitu humo ndani. Alikuwa ananiangalia mimi, kuanzia utosini kushuka, mpaka miguuni, halafu akaenda zake.

Mwaka wa tatu niliugua taifodi mwezi wa kumi na mbili. Kastoma alipokuja kunivisha, sweta ilining'inia kama iko kwa kamba ya nguo. Alinizunguka mara mbili, mpaka Mama akasimamisha mashine.

"Hapana," akasema. "Yeye hajakonda hivi."

Kesho yake aliniletea mtungi wa maziwa. Akaleta tena, na tena, wiki mbili nzima, na alikuwa akisimama mlangoni mpaka kikombe kiishe. "Kunywa, tafadhali. Shule inafungua." Nilikunywa, maziwa ni maziwa. Ila kila nilipomeza nilihisi kuna mtu mwingine anayeshiba.

Halafu ukaja mwaka wa nne, na mimi sikukua.

Krismasi Mama hutupima kwenye fremu ya mlango kwa chaki ya kushonea. Mwaka huo alama ilianguka juu ya ile ya mwaka uliopita, sawasawa. Rafiki yangu alipoiona akasema nimefika mwisho wa uzi. Mimi nikacheka. Mama hakucheka. Alifuta vumbi la chaki kwa kidole, akachora tena, ikaanguka palepale.

"Kastoma hatafurahi," akasema.

"Si amnunulie binti yake sweta inayomtosha binti yake?"

"Wewe fuma. Anakuja Jumatatu asubuhi. Sweta isipokuwa tayari, Jumamosi inayofuata huendi kwa mtihani wa mkanda."

Huo ulikuwa mkanda wa kahawia. Nilikuwa nimeusubiri miaka miwili, na Mama alijua.

"Na safari ya karate ya Kimana?"

"Enda nayo."

Kwa hivyo nilienda kupiga kambi na sindano mbili, uzi wa maruni, na sweta iliyobakisha mkono wa kushoto na ule ukanda wa chini kiunoni, maana mimi hufuma kutoka shingoni kushuka. Sensei alikuwa ameomba lori ya kichinjio. Alisema imeoshwa. Labda ilioshwa na mtu aliyekuwa na haraka. Tulipiga hema kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyofungwa, na kila nilipopata nafasi nilifuma, nikiwa kwenye mkao wa farasi nyuma ya lori, wenzangu wakiniuliza kama mkanda wangu nitajifumia mwenyewe.

Siku ya pili, Jumamosi, tulikimbia kando ya mifereji ya maji. Kimana ni ajabu kwa mtu wa Kitengela. Unakanyaga vumbi, unakanyaga vumbi, halafu ghafla ni vitunguu na nyanya, kijani mpaka macho yanauma. Karibu saa sita Sensei akatupumzisha. Mimi na rafiki yangu tukatangulia kuomba nyanya.

Jua lilikuwa juu kabisa na kila kitu kilikuwa kimekalia kivuli chake. Mlima wa theluji tuliouona asubuhi ulikuwa umeshaingia mawinguni. Upepo ukakatika, na nikasikia maji ya mfereji, ambayo kabla ya hapo sikuwa nayasikia.

Katikati ya nyanya walisimama wasichana watatu, wametugeuzia migongo. Walikuwa wamejipanga kwa urefu, mfupi kushoto. Sweta za maruni.

"Nani anavaa sweta kwa hili jua?" rafiki yangu akasema.

Nikawasalimia. Kimya. Akawasalimia yeye kwa Kimaasai. Kimya.

"Wanaringa," nikasema.

"Wamesikia unakuja na harufu ya lori."

Hapo ndege akatua kichwani mwa yule mfupi. Akajikuna chini ya bawa, akatulia. Yule mfupi hakutikisika.

Nilicheka kwanza. Sanamu za kufukuza ndege, basi. Tukaingia katikati ya mistari ya nyanya tukazizunguka. Vichwa vilikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu, bila macho, bila mdomo. Lakini ndani ya sweta kulikuwa na mashati meupe, na kola zilikuwa zimepigwa pasi.

Yule mfupi sweta yake ilikuwa imepauka. Niliishika mkono, nikapitisha kidole. Kitanzi, kitanzi, kitanzi, na cha kumi kimekazwa. Nikaenda kwa wa pili. Kwenye kiwiko alikuwa na ile sehemu niliyoishiwa uzi nikaunga kwa maruni nyingine, nikidhani hakuna atakayeona. Wa tatu sikumgusa. Nilizijua mbavu zake kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Ni zako," rafiki yangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Pembeni mwa wa tatu kulikuwa na mti wa nne, umechongwa juzi juzi, utomvu bado unang'aa, na mwingine umepigiliwa kukingama kwa ajili ya mabega. Haukuwa umevaa kitu. Rafiki yangu ni mtu wa kunisukuma, hata wakati hapaswi, na akanisukuma. Nikauegemea kwa mgongo, nikanyosha mikono.

Alipima kwa jicho. Nilingoja mzaha.

"Umepungukiwa," akasema. "Vidole viwili."

Mfanyakazi wa shamba akatokea upande wa mfereji, mzee kidogo, jembe begani. Hakutufukuza. Alitusalimia, akaangalia nilipokuwa nimesimama, na mimi nikatoka hapo haraka.

"Hizi hazifukuzi chochote," akasema, kana kwamba tumemuuliza. "Ndege wanawakalia. Lakini mwenye shamba hataki zitolewe. Ni mama wa huko kwenu Kitengela."

"Za nini basi?" rafiki yangu akauliza.

"Alikuwa na msichana. Alishikwa na homa hapa hapa, kabla hajaanza shule. Tulimzika pale kwa miti." Akaonyesha kwa kidevu. "Sasa wenzake walipofika kimo cha kuvaa sweta kama hizi, akaleta sweta. Anamvisha mwenyewe. Kila mwaka anasema amekua, na mimi nakata mti."

"Huu wa nne umepimwaje?" nikauliza. "Sweta bado."

"Aliniambia mwezi uliopita." Akanyosha mkono hewani, kiganja chini, juu kidogo ya bega langu. "Alisema, mwaka huu atakuwa hapa."

Alitupatia nyanya. Sikumbuki kama tulikula.

Mchana huo nilikaa nyuma ya lori na sindano zangu. Nilikuwa na njia mbili. Nifume mpaka mwisho wa kiuno changu, Jumatatu Kastoma anivishe, aone kwamba hakuna kilichoongezeka, na mti usimame hapo bila nguo. Au nifume mpaka kwenye ule mti. Lakini nikifanya hivyo, ndio nimekubali kwamba yuko mtu, na amenipita.

Nilikaa kwenye mawe, chini, kama watu. Mkao wa farasi niliuacha. Hesabu pia niliiacha: nilifikiria chakula, nilifikiria algebra, nikaimba nyimbo za Jumapili vibaya. Nikafuma mkono. Nikafuma ukanda wa chini na kuuongezea vidole viwili, na Jumapili, kwenye lori tukirudi, nikafunga uzi. Kisha nikaiinua mbele ya mwanga.

Mbavu zilikuwepo. Zilishuka mpaka chini, hata kwenye vile vidole viwili.

Nyumbani nilimwambia Mama. Hakusimamisha mashine.

"Ulidhani nani hajui?" akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefuma?"

Akaichukua sweta, akaninyoshea mgongoni, akaona ukanda ulipofika. Aliangalia fremu ya mlango, akaniangalia mimi, akairudisha mikononi mwangu.

Mkanda niliupata Jumamosi iliyofuata, kama kuna mtu bado anajali. Sensei alisema ngumi ya kumi ilikuwa nzuri. Miguu je, akasema, imechoka hivi kwa nini?

Imechoka kwa sababu ya Jumatatu.

Kastoma alikuja mapema, kanga mabegani, baridi ya asubuhi bado iko mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshajipanga: nimesimama nyuma ya gunia la uzi, ili miguu isionekane. Alinivisha. Inua mkono. Geuka. Aliposhusha mikono yangu, niliinua visigino polepole, kidogo kidogo, mpaka nikahisi sweta inakaa mahali pake. Vidole viwili. Misuli ya nyuma ya miguu ilianza kutetemeka, lakini hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa, kutetemeka bila kuonekana.

Aliweka mikono yake mabegani mwangu. Ilikuwa baridi vilevile. Aliikandamiza kidogo, kama mtu anayejaribu kama mti umeshika ardhi. Sikushuka.

"Amekua," akasema.

Mama alikuwa anaangalia sindano za mashine yake, hakuna hata moja iliyokuwa inatembea.

Kisha Kastoma akainama kuninyoshea ukanda wa chini, upande huu, upande ule, na ili aone vizuri akalisogeza gunia. Nilisikia pumzi yake ikisimama. Alikuwa ameinama hapo chini, uso karibu na miguu yangu mitupu, visigino vyangu vikiwa hewani mbele ya macho yake. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Mimi huwa nacho kila wakati, na wakati huo sikuwa nacho.

Akalirudisha gunia mahali pake, taratibu.

"Simama hivyo hivyo," akasema kutoka chini. "Nisikosee kipimo."

Nikasimama. Kichwani nikaanza kuhesabu, ichi, ni, san, na nilipofika kumi hakuniambia nishuke.