Nilichimba shimo la maganda uani, mtaa mzima wa Kolwezi ukasema nimepata kobalti

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi, huku kwenye shaba.

Kiswahili changu ni cha huku Katanga, kina kutu kidogo, mnivumilie. Lakini ninachosimulia hapa kilitokea uani kwangu, na mke wangu anasoma juu ya bega langu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu, nikaja kukaa kwenye kiti na sijainuka tangu siku ile.

Katika mji ambao kila mwanaume anashuka shimoni, mimi ni yule anayeshona ovaroli zao zikichanika. Sokoni nikionekana, watu wanauliza nani amefariki.

Mke wangu, mama Grâce, ndiye anayejua dunia inaendaje. Tuna watoto wanne, na tunapanga nyumba ya vyumba viwili yenye lupango (uwanja wa nyumba) mpana kidogo. Mwaka wa sita sasa.

Basi.

Tatizo letu lilikuwa maganda. Ya mihogo, ya ndizi, ya viazi, makapi ya sombe (kisamvu). Tulikuwa tunatupa nyuma ya ua kama kila mtu. Mvua ikianza, pale nyuma panageuka supu, na inzi wanakuja na ukoo wao wote.

Na huku tunatupa maganda, mama Grâce ananunua lenga-lenga (mchicha wetu wa huku) karibu kila siku.

Mwaka jana nilienda Lubudi kwenye harusi ya binamu yangu. Ndiyo, nilitoka nyumbani, shangaeni. Binamu ni mkulima, akanionyesha shimo lake: maganda, majani makavu, jivu kidogo la mbabula (jiko la makaa), unafunika, unageuza kila baada ya siku kadhaa. Baada ya miezi michache ni mbolea nyeusi, haina hata harufu.

Nikarudi na moto kichwani, na gunia la mbolea yake begani.

Nikaanza kuchimba. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"We tata, benzako banachimba juu ya kupata makuta. We unachimba juu ya kuzika maganda?"

(Makuta ni hela.) Nikazidi kuchimba. Kwa kweli sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Shimo likafika kiunoni. Nikatia maganda, nikafunika na bashi (turubai) ili inzi na mvua visiingie, nikaweka mawe pembeni. Ule udongo nilioutoa nikaujaza kwenye magunia, nikayapanga kando ya ua kama kumi hivi, ili baadaye niuchanganye na mbolea nipande mboga humo humo. Maji ya kuoshea vyombo nikaweka pipa, yawe ya kumwagilia.

Nikajiona mimi ndiye waziri wa mazingira.

Sasa wakuu wa mbali hamuwezi kujua nilichokosea, kwa hiyo niwaeleze. Hapa Kolwezi kuna watu waliochimba uani, hata ndani ya chumba cha kulala, wakakuta madini. Na wanafanyaje? Wanafunika shimo na bashi. Wanajaza magunia. Wanayapanga kando ya ua.

Mimi mwenye diploma sikuliona hilo.

Niliyoyaona ni heshima tu. Jirani yangu mama Kabwe, ambaye miaka yote ananiita "ule wa cherehani", asubuhi moja akanipungia mkono na kuniita bosi: "Patron! Tulilala muzuri?"

Nikasema moyoni, kumbe hata mimi nina mvuto.

Siku nyingine akaja bwana mmoja kwa taxi-moto (bodaboda) kutoka upande wa Musonoi, viatu safi, nyundo ndogo mfukoni. Akazungukazunguka, akayatazama magunia, akaniuliza kama nina "kitu cha kuonyesha". Nikamwonyesha suruali mbili na gauni la kanisani. Akaondoka amekasirika.

Wiki haikuisha, akaja mwenye nyumba.

Huyu mzee tunamuona siku ya kodi peke yake. Siku hiyo hakukaa hata kwenye kiti nilichompa.

"Nyumba ni yangu. Udongo ni yangu. Na bile biko chini ni byangu. Munatoka mbele ya siku ya mungu inayokuja."

(Sheria inasema vya chini ni vya serikali. Lakini nani alikuwa na moyo wa kumwambia pale.)

Wakuu, mwisho Jumapili! Siku chache za kuhama na watoto wanne, katikati ya mvua, shule yao iko mtaa wa pili, wateja wangu wote wanaijua nyumba hii. Kisa, maganda ya mihogo.

Nikakimbia nikafunua bashi. "Tata, angalia mwenyewe! Ni mbolea!"

Akainama. Akatazama maganda, akatazama funza, akanitazama mimi.

"Mi si mutoto. Mi pia nilichimba wakati wa bujana. Umetia maganda juu nione maganda."

Utamthibitishiaje mtu kwamba takataka ni takataka?

Aliyeniokoa ni mama Grâce. Yule yule wa mikono kiunoni. Alitoka na kiti, akamkalisha mzee kwa upole, akaongea bila kupandisha sauti.

"Tata, tunakuheshimu. Leta bachimbaji bako, bachimbe fasi unapenda. Kama banapata kitu, tunafunga bitu byetu ile siku ile. Kama habapate, tunabaki, na utaandika ku karatasi mbele ya chef wa avenue."

Mzee akakubali haraka sana. Alikuwa na uhakika.

Na mimi ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Kwa sababu hii ni Kolwezi! Na kama yapo? Mke wangu ameweka nyumba yetu rehani kwa udongo ambao hata mimi sijui una nini ndani. Watu wa hapa wanamuomba Mungu awape madini. Mimi nilipiga magoti nikaomba uwanja wetu uwe maskini.

Kesho yake wakaja creuseur wawili, wachimbaji wa mkono, pamoja na mzee na chef, mkuu wa mtaa. Mkubwa wao, yaya (kaka) Ilunga, nilishawahi kumshonea ovaroli. Hakuniangalia usoni. Kazi ni kazi.

Wakapima hatua mbili kutoka kwenye shimo langu, wakaanza. Nilichokifanya mimi kwa wiki nzima, wao walikimaliza kabla chai haijapoa. Mtaa mzima ulikuwa juu ya ua, mama Kabwe mbele kabisa.

Siku ya kwanza: udongo mwekundu.

Siku ya pili, wamefika kina cha kupita kichwa, Ilunga akapaza sauti kutoka chini: "Kuna kitu cheusi!"

Kobalti yetu huku, wakuu, jiwe lake ni jeusi.

Mzee akasimama. Mama Grâce akanishika mkono, akanifinya mpaka leo nina alama.

Ilunga akapanda na kile kipande. Akakirusha kidogo kiganjani, akakidaka. Akakirusha tena. Jiwe la kobalti ni zito, linakuvuta mkono. Hiki kilikuwa kinaruka kama mkate. Akakisugua kwenye kiganja, akamwonyesha mzee mkono mweusi.

"Patron, ni makala. Mutu alipikaka hapa zamani."

Makaa ya kupikia! Mtaa ulicheka mpaka kuku wakakimbia. Mzee akashuka mwenyewe kuhakikisha, na viatu vyake vya ngozi, akapanda mwekundu kama tofali.

Akaandika. Chef akapiga muhuri. Miaka mitatu ya kukaa, wakuu! Karatasi iko ukutani juu ya cherehani, nimeitia fremu.

Mama Grâce akawaita wote mezani. Bukari (ugali wetu), samaki kidogo, na lenga-lenga, bakuli limejaa. Mzee alikula, akaongeza, akauliza mboga hii imenunuliwa wapi. Mke wangu akaelekeza kidole kwenye yale magunia yaliyoshukiwa. Nilikuwa nimeyapanda mawili ya mwanzo kwa mbolea ya binamu.

Mzee akayatazama, akameza. Halafu akasema: "Na ile shimo bafukie?"

"Hapana, tata," mama Grâce akajibu, "ile acha."

Shimo lile la wachimbaji tumelitandika bashi ndani, tumeelekeza maji ya bati mle, juu tumefunika kwa mbao nzito na kufuli, maana watoto ni watoto. Kiangazi chote kilichopita tumemwagilia mboga kwa mvua ya masika. Maganda hayatupwi. Inzi wamehama. Lenga-lenga sasa mama Grâce anaiuza, na mteja wake wa kwanza ni mama Kabwe, ambaye amerudi kuniita "ule wa cherehani".

Kwenye mtaa wetu mashimo ya maganda sasa yako saba. La nane liko nyumbani kwa mwenye nyumba. Alinituma nikamwonyeshe kuligeuza, nikatoka nyumbani kwa mara ya pili mwaka huo.

Nilichojifunza: haya mambo hayahitaji hela wala elimu kubwa. Jembe, maganda, subira, na maji ya vyombo. Ila kabla hujachimba, waite majirani waje waone unachotia. Na ukiwa na mke mwenye akili, usimjibu akikucheka, mwachie nafasi tu.

Haya, nichekeni mnavyotaka, nimezoea. Lakini kila anayecheka aandike hapa chini: maganda ya kwako leo umeyapeleka wapi?