Alama za Vidole Vyangu

Nilipotoka Rongai kuja kuvuna maua Naivasha, nilijua jambo moja tu kuhusu waridi jekundu: linajificha. Ukisimama kwenye njia ya grinhausi unaona majani, majani, majani. Ua lenyewe unalipata kwa mkono. Basi nilikuwa naingiza mkono kati ya miba, napapasa, nikishika kichwa nakibonyeza kidogo kujua kama kimeanza kulegea, halafu nakata. Nilidhani kila mtu anafanya hivyo, ila wenzangu wana mikono myepesi.

Nilikuwa kibarua wa msimu. Msimu ukiisha, supavaisa huchagua wachache wa kubaki, na mimi nilitaka kubaki kuliko kitu chochote. Nilishaona kichwani chumba changu pale mtaani Karagita kikiwa na kitanda cha kweli, na mama akija kunitembelea akikalia kiti, si jerikeni.

Asubuhi moja supavaisa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliingia na shada kutoka chumba cha baridi.

"Nani anafinya maua yangu?"

Tukakusanyika. Kila kichwa kilikuwa na vidoa vyeusi, viwili upande huu, kimoja upande ule. Jana yake vichwa hivyo vilikuwa safi. Usiku mmoja katika chumba kile ndio uliotoa vidoa. Shada lilikuwa na namba yangu ya kibarua. Akauchukua mkono wangu, akaweka vidole vyangu juu ya vile vidoa. Vikakaa sawasawa.

Nilishtuka hadi masikio yakaziba. Mimi? Mimi ambaye hata kifaranga nakishika kwa viganja viwili?

"Madam, sasa nitajuaje limefika bila kulishika?"

"Unaangalia! Kwani macho ni ya nini?"

"Lakini si yamejificha?"

Watu walicheka. Mama aliyevuna mstari wa karibu na wangu, ambaye sote tulimwita mathe, akasema, "Huyu kijana ni mcheshi. Yamejificha wapi na yanawaka hivi kama makaa?"

Yanawaka. Nikageuka, nikaangalia. Niliona majani.

"Mathe, yako wapi?"

"Wacha mchezo."

"Haki ya Mungu. Nionyeshe."

Kicheko kikakatika. Akanyoosha kidole: pale, na pale, na pale, haraka, kama mtu anayehesabu kuku wake. Kila alipoonyesha nilisogea hadi pua ikakaribia miba, na kila mara ua lilikuwa hapo, limetulia, rangi ileile ya majani yaliyolizunguka.

Supavaisa alishika mdomo. "Kijana. Hili ua na hili jani, kwako ni rangi moja?"

"Yanafanana, madam. Si yanafanana?"

Mathe akatikisa kichwa. Ndipo nikaelewa kwa nini uwanjani, sisi tukivaa kijani na wale nyekundu, nilikuwa nawapasia wapinzani mpira safi kabisa. "Umekula hongo ngapi?" wenzangu waliniuliza, na mimi nacheka nao. Miaka hiyo yote watu walikuwa wanaona kitu nisichokiona, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyejua. Hata mimi.

Nikaanza kuvua glavu.

"Unaenda wapi?" supavaisa akauliza.

"Nyumbani."

"Nani amekutuma? Enda kule kwa maua meupe. Na ujue jeupe likifinywa linaonyesha zaidi. Nikiona alama ya kidole kimoja, hapo sasa utaenda nyumbani."

Niliingia kule. Nikainua macho, nikasimama. Yalikuwa wazi juu ya majani, mstari mzima, mpaka kule mwisho ambako watu huonekana wadogo. Niliyaona yaliyofumba na yaliyofika, kutoka mlangoni, bila kugusa kitu. Nikashika shina, nikakata. Nikakata lingine. Ndoo ikaanza kujaa, na mimi kinywa wazi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Msimu ulipoisha nilibakishwa huko huko. Lakini asubuhi ile sikuwaza kubaki wala kufukuzwa. Niliwaza tu: kumbe wenzangu walikuwa wanavuna hivi kila siku, tena wakipiga stori?