Nyumba Iliyobaki Mwisho wa Safu

Shangazi yangu Hilda Entwistle alizaliwa katika chumba cha juu cha nyumba namba tisa, Mtaa wa Garnet, na humo humo akaja kuwa mjane. Kwetu Lancashire nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya pamba zilijengwa kwa safu: matofali mekundu, paa moja refu, na ukuta mmoja kati ya jirani na jirani. Ukikohoa, wa upande wa pili anakuuliza hali.

Mwaka 1968 manispaa iliamua kubomoa safu yote. Wengi walihamia maghorofani, hata shoga yake Edna Pickup wa namba kumi na moja.

"Kule choo kiko ndani, Hilda. Utaendelea kwenda uani na mvua hii?"

"Mvua naijua. Hayo maghorofa siyajui."

Shangazi alipinga katika kila kikao, mpaka wakakubali kuziacha nyumba za mwanzo wa safu hadi ya kwake. Namba kumi na moja na zilizofuata zikavunjwa. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana nyumba za safu huegemeana. Ukuta wake, uliokuwa wa ndani, sasa ulipigwa na upepo, ukatoa tumbo na kupasuka hadi mkono ukapenya.

"Mama, hii haifiki Krismasi," msimamizi wa wabomoaji alimwambia. "Toka tuimalizie."

"Matofali ya Edna mnayapeleka wapi?"

"Jalalani."

"Yaacheni hapo."

Alimwita shemeji yake Walter, mwashi mstaafu, wakaanza kujenga nguzo nene za kuushikilia ukuta. Ya kwanza ilikwenda upande, wakaivunja. Shangazi alikoroga chokaa na mchanga huku vidole vimekufa ganzi.

"Shemeji, umri umekwenda. Kaa kidogo," Walter alimwambia.

"Nikikaa chini, na ukuta utakaa chini."

Jumapili moja Edna alikuja. Juu ukutani aliona meko ya kuotea moto ya kilichokuwa chumba chake cha kulala ikining'inia hewani, karatasi ya maua ya kupambia ukuta bado imebandikwa pembeni. Machozi yalimtoka. Kisha akavua glavu, akachukua patasi, akaanza kubandua chokaa kuukuu kwenye matofali ya nyumba yake mwenyewe. Akawa anakuja kila Jumapili.

Nguzo tatu zilisimama kabla ya theluji. Mkaguzi wa manispaa alizigonga, akazizunguka, akatia saini kwamba nyumba ibaki. Shangazi aliishi humo hadi uzeeni, na leo binti yangu analala chumba kile cha juu.