Gari ya Kuinamiwa

Nikiwa mwanafunzi wa chuo, nilijinyima bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, mihula mitatu, nikanunua pale Musoma gari ya spoti, nyekundu, imechoka, yenye viti viwili tu. Nyumbani Butiama baba alifoka: "Imekaa chini kama bata! Gunia la mahindi utaweka wapi?"

Jumapili nikambembeleza, nikampeleka nayo kanisani. Njia nzima mawe yalikwaruza tumbo la gari, naye akanisema bila kupumua.

Tulipofika, watu wakaja kumsalimia. Ili wamwone dirishani, ilibidi kila mmoja ainame mpaka magotini. "Shikamoo, mzee." Hata mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwaga anampita kimya, aliinama.

Nikamfungulia mlango ashuke. Baba akaufunga.

"Zunguka tena polepole. Wengine hawajanisalimia."