Nilikuwa nawachorea watoto wa playgroup, mama mmoja akanishika

Wakuu, nianze na dhambi yenyewe kabla niogope: mwaka wangu wa kwanza kufundisha playgroup, darasa la watoto wa miaka miwili, hapa Eldoret, kazi za watoto nilikuwa nachora mimi. Sijaongeza chumvi, ningependa iwe uongo.

Ualimu sikusomea. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, ambako watoto wa miaka miwili wanapaka rangi wakiwa wasafi kama maharusi.

Wangu walikula crayon.

Na wazazi wanataka faili smart ya kazi za mtoto siku ya kufunga shule. Mimi nikiona rangi imetoka nje ya laini, natokwa na jasho. Kwa hivyo wakienda kunywa uji, nabaki nikirekebisha. Kidogo kidogo nikawa nachora kila kitu.

Nilikuwa mwanafunzi bora wa darasa langu.

Siku ya kufunga, Mama Chebet akafungua faili ya mtoto wake.

"Mwalimu, Chebet ndiye amechora hii ng'ombe?"

"Ndiyo, mama. Ako na talent."

"Talent gani? Huyu hata kijiko kinamponyoka! Nimekuja kukuuliza kama mkono wake uko sawa, na wewe unanionyesha ng'ombe iko na kope?"

Head teacher alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Chebet hakucheka.

Hapo ndipo ilinigonga. Michoro yake mibaya ingetuonyesha mapema kwamba mkono hauna nguvu, na mimi nilikuwa nimeifunika. Nikakiri mbele ya wazazi wote.

Mama alimpeleka kliniki, wakamwambia vidole vinahitaji kazi: kukanda unga, kurarua karatasi, kuambua mahindi mabichi. Yaani vitu vyote nilivyokuwa nimekataza kwa sababu vinachafua meza.

Tulipofungua shule, mama akaleta nusu gunia la mahindi kutoka shamba lao Sugoi. Darasa likawa zizi.

Siku ya kwanza Chebet alitoa ganda moja kwa dakika kumi. Nilikalia mikono yangu nisimsaidie, karibu nilie.

Baada ya wiki kadhaa alimaliza kuambua hindi zima, akanigonga nalo kwa goti. Mkono uleule. Sijawahi kufurahia kupigwa hivyo.

Nilichojifunza: mchezo wa darasani ni wa vidole vya mtoto, si wa macho ya mzazi. Walimu wenzangu, kuna mwingine amewahi kufanya huu ujinga? Nitukaneni, lakini polepole.

Chebet sasa anakula mwenyewe. Kazi za watoto zinaenda nyumbani zikiwa mbaya vile zilivyo, na siongezi hata laini moja.