Majivu Yaliyorudishwa Msituni

Jua bado halijachomoza kijijini Chawia, na ukungu umekaa mlangoni mwa jiko la Wakio Righa kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Ndani, Wakio anakoroga sufuria yenye mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu, yaliyochujwa tone kwa tone kupitia debe lenye matundu. Kabla ya kuchanganya, alitumbukiza yai kwenye maji hayo, nalo likaelea. Lingezama, sabuni isingeshika.

"Leo kina mama wasiponiamini, basi," anasema, akimweka vizuri mgongoni bintiye Wawuda, ambaye bado hajaanza kutambaa. "Nitashuka kwenye mkonge."

Tangu sabuni ya dukani ipande bei mwaka jana, 1974, kina mama wa mlimani hapa wamekuwa wakifua kwa sabuni ya Wakio. Kwa bei ya mche mmoja wa dukani, yeye huwapa mitatu. Mumewe, Noah, ni kibarua mjini Voi, na kibarua chenyewe leo kipo kesho hakipo. Sabuni ikikosa wanunuzi, Wakio itambidi akakate mkonge huko bondeni na kumwachia mama mkwe mtoto anayenyonya.

Shida ilianza na mvua. Majani makavu ya migomba, ambayo huyachoma kupata majivu, yalilowa yote. Ndipo tawi moja kavu likaanguka kutoka kwenye fighi, msitu wa wazee ambao haukatwi kuni. Lilivuka mpaka, likalala shambani mwake.

"Nikasema, kilichoanguka kwangu ni changu," anaeleza. "Sikuingia na panga mimi. Lilinijia lenyewe."

Majivu yake yalitoka meupe kama unga. Sabuni ikashika upesi, ngumu, na kina mama wakaigombania. Kisha nguo zikakataa kukauka.

Jirani yake Wakesho ndiye aliyetangulia kuja. "Mama Wawuda, umetia nini humu? Shuka langu linatiririka tu!"

"Ni ukungu, Mama Donald."

"Ukungu gani huo wa kuchagua nguo? Nilizofua kwa sabuni ya duka zimekauka, na ziko kamba moja!"

Wakio akaitundika juu ya moto shali ya mtoto, aliyoifua kwa sabuni hiyohiyo. Moto uliwaka, shali ikadondosha maji. Akiikamua, haitoki kitu. Akiiacha, inaanza tena, ti, ti, ti, na makaa yanalia. Wawuda akageuza shingo kuitazama ile shali, akacheka, kama mtoto anavyomchekea mtu anayemjua.

Wakio anaukung'uta mwiko ukingoni mwa sufuria. "Hapo ndipo nilipoogopa. Mle ndani tulikuwa wawili tu."

Asubuhi iliyofuata alikuta miche ya sabuni aliyokuwa ameuza imerudishwa, imepangwa kizingitini. Hakuna aliyebisha hodi wala kudai kitu.

Alikwenda kwa mzee Fanuel, mtunzaji wa fighi na shemasi wa kanisa.

"Ulilichoma?"

"Nililichoma, baba. Lakini liliangukia kwangu."

"Tawi la fighi huoza pale lilipoangukia," mzee akamwambia. "Hata likikuangukia kitandani, mwanangu, wewe ndiye utakayehama."

Wakabeba majivu yaliyobaki na sabuni yote mpaka msituni. Ndege waliokuwa wakipiga kelele mpakani walinyamaza mara moja. Wakio alipoanza kuomba radhi, mzee akamgusa bega. "Polepole. Hapa si sokoni."

Aliporudi nyumbani, moto ulikuwa umezimika zamani, mafiga yamepoa. Shali ilining'inia juu yake kavu, ngumu kama ngozi iliyoanikwa.

Sabuni ya sasa ni ya majivu ya migomba, aliyoyaomba kwa mama mkwe. Fungu la kwanza la sabuni hii limeshaganda. Jua linapochomoza, Wakio anaifua shali ileile kwa sabuni hiyo na kuianika kando ya njia, mahali ambapo kila mtu ataiona. Ng'ambo ya bonde dogo, kina mama wanafagia nyua zao, wanafagia palepale, macho hayako kwenye fagio.

Adhuhuri, Wakesho anapanda taratibu. Anashika pindo la shali, analipeleka shavuni.

"Imekauka."

"Imekauka, Mama Donald."

"Haya, nipe mche mmoja." Anatazama upande wa msitu, anashusha sauti. "Lakini naanza na nguo za mume wangu."

Wakio anacheka mpaka mtoto anashtuka mgongoni. Nyuma ya Wakesho, wanawake wengine wawili wanapandisha njia, mabeseni kichwani.

Wawuda akianza kutembea, Wakio anataka kuwa na meza yake ya sabuni sokoni Voi. Mvua zijazo atapanda migomba kando ya nyumba na kujenga kibanda cha kuwekea majani makavu, asikose tena majivu ya halali.

Na tawi jingine likianguka shambani?

Anatazama mahindi yake machanga, yaliyosogea mpaka kwenye kivuli cha fighi.

"Nitalima nikilizunguka," anasema.